Nyuma ya Filimbi

Katika klabu yetu mtu mwenye filimbi hapitwi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na kusema kweli ndiyo pekee inayoheshimiwa. Saa ya kukusanyika haiheshimiwi, wala agizo la kuja na viatu badala ya kandambili. Lakini yule anayekimbia mbele na filimbi mdomoni, tunayemwita kapita kama wachimbaji wanavyomwita msimamizi wa kikosi chao, hakuna anayethubutu kutanguliza hata bega mbele yake. Yeye huanzisha wimbo, sisi humjibu. Akipunguza mwendo, tunapunguza. Akikanyaga palepale kumsubiri aliyechoka, wote tunakanyaga palepale, tukiinua magoti kama askari waliosahauliwa uwanjani.

Siku yangu ya kwanza niliuliza kwa nini. Nilikuwa nimerudi Kolwezi kutoka Lubumbashi na diploma ya sosholojia na tabia ya kuuliza kwa nini, na kati ya hivyo viwili ni tabia tu iliyokuwa inafanya kazi. Mama mmoja wa klabu, anayeuza mikate, zile donati ndogo za mviringo zinazokaangwa asubuhi kando ya barabara, alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yanalowesha.

"Ukimupita, utaimba na nani?"

Jibu lile halikunitosha. Majibu mengi hayanitoshi. Mama yangu mzazi anasema nilizaliwa nimekunja uso. Yeye ndiye aliyenisukuma kwenye klabu. Nilikuwa nafundisha saa chache katika shule moja ya binafsi, na muda uliobaki nilishinda nyumbani nikibishana na redio. "Uko nazunguka mu nyumba sawa nzi mu chupa," alisema. "Enda ukimbie na benzako, angalau utachoka."

Mbio zetu tunaziita futingi. Kila siku ya yenga, yaani Jumapili, kabla ya misa za Wakatoliki na ibada za Waprotestanti, utadhani nusu ya Kolwezi imeamua kukimbia kutoka nyumbani. Vikundi vinapishana barabarani, kila kimoja na nyimbo zake na fulana zake. Zetu zilitoka kwa mgombea mmoja aliyeshindwa uchaguzi. Uso wake umefutika kwa kufuliwa, limebaki tabasamu. Tunapanda na kushuka mji tukiwa tumebeba vifuani tabasamu la mtu ambaye hatujui alikokwenda.

Tunaanzia uwanja wa shule ya msingi, tunateremka lami, tunaingia barabara ya malori, halafu tunapanda kilima kando ya ukuta wa mgodi mpaka kwenye geti la chuma. Hapo tunageuka. Wakongwe wanasema zamani njia ilinyooka, hakukuwa na cha kugeukia. Ukuta ulikuja, njia ikajifunza kuuzunguka. Malori hayajui Jumapili. Yakipita tunafumba macho na kuimba meno yakiwa yamefungwa, na vumbi linapotua unaona kila mtu amekuwa na rangi moja, nyusi hata kope.

"Kama tunatafuta afya," niliuliza siku moja, "kwa nini tunakuja kuitafuta hapa?"

Fundi wa umeme, kijana mwenye miguu mirefu ambaye kila mtu alikubali ndiye mwenye mbio kuliko wote, alinijibu bila kugeuka. "Mademoiselle, ulitaka tukimbilie Bulaya? Leta viza."

Walicheka. Mimi pia nilicheka, nikameza vumbi.

Kapita alikuwa mtu wa Kasaji, mji wa reli upande wa magharibi. Alikuja Kolwezi kwa treni na baiskeli yake ikiwa juu ya magunia ya mihogo. Mpango ulikuwa kuchimba msimu mmoja, kuuza baiskeli, kununua pikipiki na kurudi. Baiskeli iliuzwa. Misimu ikafuatana. Alichimba shaba, kisha akachimba kobalti, akaoa, akapata watoto, akaendelea kuchimba. Aliacha siku alipoona hawezi tena kupanda kutoka shimoni bila kupumzika katikati, akining'inia. "Shimo ilikuwa ileile," alituambia, "lakini kamba ilikuwa nazidi kurefuka." Baada ya hapo alibeba mizigo sokoni siku zilizokuwa na mizigo. Mke wake alivumilia, halafu akachukua watoto akarudi nao Kasaji kwa mama yake. Hawakugombana. Alisema atarudi siku atakayosikia bwana yake amevaa buti za kazi.

Kwa hiyo asubuhi moja, tulipokuwa tumekaa duara baada ya mbio, tukijinyoosha na kupeana habari za wiki kama desturi, habari yake ilitufanya tuache kujinyoosha.

"Beko naniita ku visiti ya munganga wa mugodi, banipime mwili," alisema. "Kazi ya ugardieni, ya kulinda. Pa geti ileile tunageukiaka. Munganga akisema ndiyo, banipatia buti, banipatia gile ya kungaa, bibi anapanda treni na batoto."

"Ku geti!" mama wa mikate alipiga makofi. "Basi tukifika kule utatufungulia?"

"Nitawafukuza. Nitasema, nani hawa batu ba vumbi?"

Tulikubaliana hapo hapo kwamba tutamwandaa. Tungekimbia sawasawa, tungeimba sawasawa, mpaka kifua chake kiwe kama cha kijana. Hata mimi nilikubali. Niliona haina madhara.

Kulikuwa na wimbo wetu wa kilima. Kapita alikuwa anataja mitaa ya mji, mmoja baada ya mwingine kwa pumzi moja, na mwishoni anauliza, "Nani alilala?" Sisi tunajibu kwamba si sisi, "Siyo shiye!" Nilipojiunga na klabu alikuwa anaitaja mitaa karibu yote, na raha ya wimbo ilikuwa hiyo: kungoja mtaa wako ufike, kupiga kelele ukifika. Wiki zile za maandalizi nilianza kusikia kitu. Mitaa ilikuwa inapungua. Alitaja michache, akapuliza filimbi mahali pa mingine, akauliza nani alilala. Nasi, bila mtu yeyote kutupangia, tukawa tunavuta jibu letu lirefuke ili lijaze pengo. Jumapili moja mtaa wa mama yangu haukutajwa. Niliungojea mpaka getini.

Nilimfuata mama wa mikate akiwa anamimina munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, katika vikombe vya plastiki.

"Mama, unasikia vile anaimba?"

"Anaimba muzuri."

"Anaimba nusu. Hana pumzi. Na sisi tunamfunika kwa kelele."

Alinipa kikombe kwanza. "Na weye unataka tunyamaze, ajisikie?"

"Nataka ajue. Anaenda kwa munganga akidhani amepona."

"Mademoiselle, uko na maulizo mingi sana, na hakuna mutu unamupatiaka jibu. Kunywa."

Nilikwenda kwa kapita mwenyewe. Nilimwuliza kama hataki siku moja kukimbia peke yake, bila filimbi, bila wimbo, ajipime. Alishangaa kweli.

"Kujipima na nini? Tangu nianze hii futingi, nani alinipitaka?"

Alisema kwa furaha, kama mtu anayeonyesha ushahidi usiopingika, na nilitafuta pa kuushika ushahidi huo ili niuvunje bila kumvunja yeye, sikupaona. Mtu aliye mbele haoni mgongo wa mtu. Alikuwa anajilinganisha na watu waliokatazwa kumshinda.

Nyuma yake, lakini, tulikuwa tunasema. Fundi wa umeme alininong'oneza, "Mi naweza kufika ku geti na kurudi, nikute angali pa kilima. Ni juu yake tuko natembea sawa batu ba matanga." Mama wa mikate naye, ambaye hakutaka nimwambie kapita neno, alikiri kwamba siku hizi hatokwi jasho hata la kulowesha kitambaa. Mimi nilihisi miguu yangu imefungwa kamba ya huruma. Sote tulihisi hivyo. Ilikuwa hisia nzuri, kusema kweli, kujiona una nguvu unazozificha kwa ajili ya mtu.

Siku ya visiti aliniomba nimsindikize. "Kule banasemaka Kifaransa ya mbio," alisema. "Hiyo mbio ni yako."

Zahanati ilikuwa safi na baridi. Walimpima urefu, macho, damu, wakampiga picha ya kifua. Kisha muuguzi kijana akampa bomba la karatasi lililounganishwa na mashine ndogo. Avute hewa yote, afunge midomo, apulize mpaka aambiwe basi. Kapita alivuta, akapuliza: pumzi moja kali, fupi, kama anatusimamisha kwenye kona.

"Tata, hii siyo filimbi," alisema muuguzi, akimwita baba kwa heshima, bila kujua lolote kuhusu klabu yetu.

Tulicheka, kapita kuliko sisi. Na hapo, lazima niseme, mimi nisiyeamini vitu, niliamini. Nilidhani nimeona kosa lilipo. Miaka ya kupuliza filimbi ilikuwa imemfundisha kutoa pumzi kwa vipande; kumbe ni suala la mazoea tu, na mazoea yanarekebishika. Nilimwinamia sikioni. "Kapita, puliza sawa unawasha mbabula, na makala imelowa maji. Polepole, bila kukata."

Alitikisa kichwa kwamba ameelewa. Jiko la makaa yaliyolowa analijua. Alivuta hewa, akapuliza vizuri kabisa, bila kukata, macho yamemtoka. Kwenye kioo cha mashine mstari ulipanda kidogo, ukainama, ukalala. Yeye alikuwa bado anapuliza. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama, mashavu yamejaa, lakini hakukuwa na kitu kinachotoka. Akarudia. Akarudia tena mpaka kikohozi kikamkata.

"Inatosha, tata," muuguzi alisema, akamwekea mkono begani.

"Na kesho?"

"Kesho itakuwa sawa leo."

Daktari alitueleza kwa dakika chache. Mapafu yamekakamaa, ni vumbi la zamani, hayatalainika tena. Hawezi kumwandikia kazi ya mahali penye vumbi.

"Lakini gardien anaikalaka pa kiti," kapita alisema.

"Kiti yenyewe iko mu vumbi, tata."

Kapita aliitazama ile mashine kupitia mlango uliokuwa wazi. Alisema labda imechakaa. Akamwomba muuguzi anipime na mimi, ili tuone. Muuguzi alikataa kwa upole: mashine ni ya wanaoomba kazi, na huyu haombi kazi hapa.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na soko aliniuliza, akitazama mbele, "Mademoiselle, weye hausemaka bongo, unasemaka kweli. Munakimbiaka polepole juu yangu?"

"Ndiyo, Kapita. Tunakungojaka."

Nilijibu mara moja. Watu wote walikuwa wamemdanganya kwa nyimbo, na mimi nilikuwa na heshima ya kumwambia jambo lilivyo. Alinishukuru. Hata alionekana kupata nafuu.

"Basi, ni miye moja tu," alisema. "Ni muzuri. Bengine wote muko bazima."

Wiki ile mama wa mikate alipata wazo. Kama kazi ya geti imekataa, mke wa kapita aje hivyo hivyo. Wangekaanga pamoja kando ya barabara, wangegawana sufuria na kona. "Mwanamuke anaweza kukamata nyumba kama bwana anagonjwa," alisema. "Na batoto basome hapa." Kapita alimpigia mke, mke akakubali. Akaanza kufunga vitu, akingoja aambiwe treni ya lini. Kapita alisema atamwambia baada ya futingi.

Jumapili hiyo alikuja amevaa fulana yake, lakini suruali ya kawaida. Alivua filimbi shingoni akamvisha fundi wa umeme.

"Leo mukimbie mbio yenu," alisema. "Miye nabakia hapa. Nataka kuona namna munakimbiaka kama hamunibebe. Nikiona, nitayua namna batu bazima beko mu hii muji."

"Kapita, acha hivyo," mama wa mikate alisema.

"Enda, mama. Bibi yangu atakuwa na weye kila siku pa barabara. Niache nione vile unakimbia."

Fundi wa umeme alipuliza filimbi na kuondoka kama mtu aliyefunguliwa. Tuliteremka lami kwa kasi ambayo sijawahi kuiona katika klabu yetu, upepo masikioni, viatu vikigonga, na watu wa vikundi vingine wakitupisha. Hakuna aliyeimba. Nilimwona kapita mara moja nilipogeuka, amesimama kwenye lango la shule ameinua mkono, anatusherehekea.

Kwenye barabara ya malori tuliendelea vizuri. Lori moja lilipita, tukafumba macho, tukafumbua. Kilima kikaanza.

Sijui nani aliacha kwanza. Nakumbuka kwamba kifua changu kilifika mahali fulani na kugoma, kama mlango unaogonga kitu nyuma yake. Nilivuta hewa, hewa ikafika nusu. Nilidhani nimeanza haraka mno. Nilitazama mbele nione jinsi fundi wa umeme anavyotokomea, na fundi wa umeme alikuwa ameinama karibu na ukuta, mikono kwenye magoti, filimbi ikining'inia na kuyumba. Alikuwa anakohoa. Mama wa mikate alikuwa amekaa juu ya jiwe, kitambaa mdomoni, na alipokiondoa alikikunja haraka. Wengine walikuwa wametawanyika kando ya ukuta, kila mmoja ameshikilia kitu. Mdomoni mwangu kulikuwa na ladha ya sarafu.

Geti lilikuwa bado juu. Lilikuwa mbali kama linavyokuwa kila Jumapili mahali pale, kwa sababu ni pale pale ambapo kila Jumapili tulikuwa tunapunguza mwendo na kusema moyoni, maskini kapita.

Kati yetu ni wachache waliowahi kuingia shimoni. Mama wa mikate amekaanga donati maisha yake yote. Fundi anapanda nguzo. Mimi nilikuwa chuoni.

"Tuliamuka mubaya leo," fundi alisema.



"Tungoje kidogo, halafu turudi mbio," alisema mwingine. "Tumwambie tulifika ku geti mara mbili."

Mama wa mikate alitikisa kichwa. "Ataona tu."

Tulitembea mpaka getini, kwa sababu tulikuwa tumezoea kugeukia hapo. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, buti mpya, kitambaa puani. Alitupungia. Tukarudi. Kwenye lami tulijaribu kukimbia tena ili tuonekane tukikimbia.

Kapita hakuwa na saa, lakini kapita yeyote anajua muda wa njia yake. Alikuwa bado amesimama langoni. Alituangalia tukiingia mmoja mmoja, akamwangalia fundi mdomo, akamwangalia mama wa mikate kitambaa. Nilikuwa wa mwisho au karibu. Alinisubiri.

"Ni muda uleule," alisema.

"Ndiyo."

"Hamukuwa munaningojaka."

Nilitaka kueleza. Nilitaka kusema kwamba sikumdanganya, kwamba nilimwambia nilichokijua. Nilisema, "Hatukuwa tunakungojaka, Kapita."

Alikaa kwenye duara na sisi, tukaanza kujinyoosha. Mama wa mikate alimimina munkoyo, akaanza kusema kuhusu kona ya barabara, kwamba kuna nyingine mbali zaidi na malori, kwamba wanaweza kufunga turubai. Kapita alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Kisha akatoa simu. Simu yake ni ya zamani na sauti inatoka yote nje, kwa hiyo tulisikia, sote tukijifanya tunashughulika na misuli ya miguu.

"Bakia kule," alimwambia mke wake. "Hapana, siyo juu ya kazi. Bakia tu na batoto."

Mke alisema ameshafunga vitu.

"Fungua."

Mke aliuliza basi kwa nini asirudi yeye. Kapita alitazama chini, akachora kitu mavumbini kwa kidole.

"Kufanya nini kule? Kulima inaomba pumzi. Huku angalau naweza kutuma kidogo."

Kuku wa Kasaji walilia ndani ya simu. Kisha sauti ndogo ikachukua, ya mtoto, ikauliza kama papa amekimbia leo, na kama bado yeye ndiye wa kwanza.

"Ndiyo," kapita alisema. "Niko wa kwanza. Hakuna mutu ananipitaka."

Fundi wa umeme alivua filimbi, akaifuta kwa fulana, kwenye lile tabasamu, na kuiweka chini mbele ya kapita.